Fundi Aliyeacha Kunitukana

Simu iliniuliza, "Ungependa nikuandikie ujumbe mfupi wa kumtumia?" Nikajibu, "Ndiyo, niandikie."

Ningeweza kukataa. Nilikuwa nimekaa kibarazani kwangu Ilembo, saa nne asubuhi, chai imenipoa mkononi, na hakuna aliyekuwa ananiharakisha. Ningeandika hapana, nikachukua jembe nikaenda kupalilia mahindi, mambo yangeishia pale. Lakini kwa miezi mitano nilikuwa mtu asiyetulia. Nilikaa nikasimama. Nilianza safari ya shambani nikafika nusu ya njia nikageuka, sikumbuki nilichokuwa nimefuata. Mtu wa namna hiyo akiulizwa kama anataka kusaidiwa hawezi kusema hapana.

Aliyekuwa aandikiwe ujumbe ni fundi cherehani wa Shanwe, mtani wangu. Mimi Mkonongo, yeye Mfipa, na kwetu hilo linatosha: tulizaliwa na ruhusa ya kutukanana. Tulijuana tangu sote tuna nywele. Kila aliponipima suruali aliandika vipimo vyangu kwenye daftari lake, na mahali pa jina hakuwahi kuandika jina langu. Aliandika "Mla Nyuki". Safari nyingine "Kipara cha Ilembo". Mwaka nilioanza kutembea na fimbo aliandika "Miguu Mitatu", akaligeuza daftari ili nione, akangoja nimjibu.

"We Mkonongo, mbona kiuno kimepungua? Nyuki wamekususa?"

"Pima ukae kimya. Na hiyo futi yako ipeleke kwenu ikaogeshwe kwanza, isije ikaleta radi nyumbani kwangu."

"Radi siku hizi tunatuma kwa simu. Wewe weka chaji tu, itakufikia."

Mke wangu tukiwa naye alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Fundi alikuwa akimwita "mke wangu" mbele yangu, kama watani wanavyofanya, akimuuliza lini atachoka na mzee wa maporini arudi kwa mwenyewe. Mke wangu naye alimjibu kwamba hawezi kuolewa na mtu anayeshinda amekaa, akikanyaga pedali na hafiki popote.

Mke wangu aliugua wakati wa kurina asali. Nilikuwa na mizinga yangu porini, mwendo wa siku nzima kwa baiskeli, na mwaka ule maua ya miombo yalikuwa yamechanua vizuri. Alilazwa siku ya Jumatatu. Jumatano aliniambia, "Nenda, usije ukakuta wengine wamerina. Mimi nipo." Nikaenda. Siku ya tatu nilikuwa nimemaliza mizinga iliyo karibu, na ningeweza kurudi. Nikajiambia kwamba nikifika mjini nitakaa tu kwenye benchi la hospitali, wakati kule ng'ambo ya mto kuna mizinga mingine imejaa. Nikakaa siku tatu zaidi. Niliporudi alikuwa amefumba macho na hasemi. Nilimshika mkono, mikono yangu ikinuka moshi na nta. Alifariki kesho yake mchana.

Siku ya mazishi, watani walikuja kama ilivyo desturi. Walizuia njia ya makaburini, walijilaza chini, walidai kuku. Halafu fundi akatokea nyuma ya nyumba amejifunga kanga ya mke wangu, kapu kichwani, akitembea kama marehemu alivyotembea, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo. Alikuwa amempatia kiasi kwamba dada yangu alipiga kelele. Akaja mpaka mbele yangu, mikono kiunoni, na kwa sauti ya mke wangu kabisa akasema:

"Eeh, baba watoto! Umerudi? Asali ndoo ngapi? Mimi nilikungoja, nikaona bora nitangulie, maana mke mwenza nyuki simuwezi!"

Watu walicheka. Walicheka wakilia, wengine wakapiga magoti. Mimi nami nilicheka, maana mtani hakasirikiwi, na pia nilikuwa nimeisikia sauti ya mke wangu mara moja zaidi, na mwili ulicheka wenyewe kabla sijaamua. Tukaenda kuzika.

Baada ya matanga, wageni walipoondoka, yale maneno yalibaki. Nilikuwa nikimwagilia mbogamboga nayasikia. "Nilikungoja." Nilikuwa nikinyoa ndevu nayasikia. Sikumwambia mtu. Niliacha kupita Shanwe, nikawa nazunguka njia ya mbali kwenda sokoni, na suruali zangu zilizochanika nilizishona mwenyewe kwa mkono.

Simu hiyo nilipewa na binti yetu, ambaye ni mwalimu mkoa mwingine. Alipokuja kuhani aliniwekea ile programu ya akili mnemba, akanionyesha jinsi ya kuandika na kusubiri jibu. "Baba, iulize chochote. Inajua Kiswahili." Nilianza na siafu waliokuwa wanaingia kwenye mizinga. Ikaniambia nipake grisi kwenye nguzo zinazoshika mizinga na nisafishe majani chini yake. Nikafanya, siafu wakapungua. Nikaiamini. Nikaiuliza kuhusu nguo za marehemu, kama ni vibaya kuzigawa mapema au kuchelewa, na haikuniamulia. Iliniuliza ni nguo ipi ambayo ningeumia kuiona kwa mtu mwingine. Nilikaa nalo swali hilo siku mbili, nikagundua ni koti moja la baridi. Nikalibakiza, nyingine nikagawa. Nasema haya ili mtu asidhani nataka kuitupia lawama mashine. Mara nyingi ilinisaidia kusikia ninachofikiri.

Basi asubuhi ile nikaiandikia habari ya fundi. Niliandika polepole, kwa kidole kimoja. Niliandika kwamba siku ya mazishi ya mke wangu mtu mmoja alivaa nguo zake, akaiga sauti yake, akanitania mbele ya watu kwamba nilimwacha afe nikiwa natafuta asali. Kila neno lilikuwa la kweli. Na kila aliyezaliwa huku angejua nimeacha nini.

Ikanipa pole kwanza. Halafu ikauliza, "Mtu huyu ni nani kwako, na unafikiri alikuwa na nia gani?"

Niliandika, "Ni fundi cherehani tu. Nia yake siijui."

Naikumbuka ile "tu". Nilisita kabla ya kuiandika, nikaiandika hata hivyo. Neno mtani lilikuwa pale, herufi tano, na nililiruka kwa makusudi. Nilijua kwamba nikilitaja, kesi yangu imekwisha.

Ikauliza tena, "Je, kuna sehemu ya maneno yake ambayo unahisi ina ukweli, na pengine ndiyo inayokuumiza zaidi?"

Niliinuka. Nilizunguka nyumba nzima. Nilienda mpaka kwenye banda la kuku, nikarudi, nikaketi, nikaandika, "Hapana."

Sasa mashine ingefanya nini? Mbele yake kulikuwa na mgane, na mgeni aliyemdhihaki msibani. Ilinijibu kwa hekima kabisa, kulingana na nilichoipa: kwamba maumivu yangu ni halali, kwamba si vibaya kumweleza mtu kwa utulivu kilichoniumiza na kumwomba abadilike. Ndipo ikauliza kama niandikiwe.

Ujumbe ulikuja kabla sijamaliza kufuta miwani. Ulikuwa mzuri. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, enzi ambazo hilo lilikuwa jambo, na miaka mingi watu wa Ilembo waliniletea barua zao niwaandikie. Nilijua barua nzuri ninapoiona. Ilisema: "Ndugu, natumaini u mzima. Ninakuandikia kwa heshima kukueleza kwamba maneno uliyosema siku ya mazishi ya mke wangu yaliniumiza sana. Ninaomba kuanzia sasa tuzungumze kwa heshima, na tuepuke mizaha inayohusu maisha yangu au marehemu. Ninathamini ujirani wetu."

Hakuna tusi humo. Na mimi, mwandishi wa barua za watu, nilisahau jambo ambalo nilikuwa nikiwaambia wengine: kwetu neno lililosemwa hupita, lililoandikwa ni la baraza la wazee. Mtu hamwandikii rafiki yake mpaka awe anamshitaki. Nikabonyeza kutuma.

Fundi ana simu ya kitochi na macho yake yaliisha kwa sindano. Kila ujumbe humpa mtu aliye karibu amsomee. Siku ile aliye karibu alikuwa mama mmoja aliyekuja kuchukua gauni la kipaimara la mwanawe. Ndiye aliyenisimulia baadaye, tulipokutana kisimani, na hakuwa amefurahi.

"Nilidhani ni ujumbe wa mchezo," alisema. "Naanza kusoma, yeye anacheka. Ananiambia, huyo ni Mkonongo wangu huyo, soma, soma, ngoja tusikie anachotaka. Nikafika pale kwenye heshima. Akasema, rudia. Nikarudia. Akaichukua simu, akaiweka mfukoni. Baba, hata chenji yangu alisahau kunipa."

"Hakusema kitu?"

"Alisema, 'Kumbe alikuwa na uchungu.' Basi. Akaendelea na gauni."

Hakunijibu siku ile. Nilishinda na simu mkononi, nikiitazama, nikiizima, nikiiwasha. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimeshaanza kuandaa la kumjibu. Kesho yake jibu likafika, bila shaka aliandikiwa na mtu: "Nimekuelewa mzee. Samahani sana. Haitatokea tena."

Mzee. Katika miaka yote hiyo hajawahi kuniita mzee bila kuongeza wa kitu fulani.

Mwanzoni nilijiambia nimeshinda. Nililala vizuri kwa siku mbili tatu. Halafu ule uchungu ukarudi palepale, "nilikungoja", nao sasa ulikuwa umekuja na mwenzake, lile "mzee".

Mwaka uliofuata kaka yake fundi alifariki Kapalamsenga, kule ziwani, alikokuwa akilima na kuvua. Taarifa haikuja kwangu, niliisikia sokoni. Nikajua nifanye nini. Mtani halipi kwa samahani, analipa kwa kazi ya msiba. Nilitafuta mzinga wangu mmoja wa zamani, wa gome, uliotobolewa na mchwa, nikaufunga kamba, nikapanda nao gari la mizigo. Njia nzima nilikuwa najifunza maneno. Nitauweka mzinga katikati ya njia ya kaburi. Nitasema huyu ndiye marehemu wa kweli, mzikeni huyu kwanza, kaka yenu Mfipa amejifanya amekufa ili asirudishe ndoano zangu. Kisha nitadai samaki, wakavu na wabichi. Nilicheka peke yangu juu ya magunia, dereva akanitazama kwenye kioo.

Nilifika wakiwa wanajiandaa kutoa mwili. Nikaingia uani na mzinga kichwani, nikapaza sauti:

"Nyie Wafipa! Nani kawaruhusu kuzika bila mwenye nchi?"

Watu wengine walianza kutabasamu. Fundi akatoka ndani. Alikuwa amekonda. Alikuja mpaka niliposimama, akaupokea mzinga kwa mikono miwili, kama anapokea mzigo wa mgeni, akauegemeza ukutani taratibu.

"Asante kwa kufika, mzee," alisema. "Safari ni ndefu. Karibu ukae."

"Sikuja kukaa, we mtuma radi! Nimekuja kuzuia njia!"

Akainamisha kichwa. "Karibu kiti," akasema, na kweli akaniletea kiti mwenyewe, cha plastiki, akakipangusa kwa mkono wa shati, akakiweka chini ya turubai karibu na mchungaji na mwenyekiti wa kijiji. Nikaletewa soda. Nilikaa pale kama mgeni rasmi, nikawatazama vijana wawili wa Kikonongo niliowajua kwa sura tu wakilala njiani na kudai samaki, na watu wakiwacheka na kuwapiga kwa kanga. Mmoja alinijia mbio akaninong'oneza, "Mzee, mbona umekaa? Njoo tumalize Wafipa hawa." Nikamwambia goti linauma.

Mzinga wangu ulibaki ukutani. Sikuuchukua wakati wa kurudi.

Niliporudi Ilembo niliwasha simu nikaandika yote. Safari hii sikuruka kitu. Niliandika utani ni nini. Niliandika kuhusu siku tatu za ziada porini, na kwamba nilidanganya iliponiuliza kama kuna ukweli. Nilifuta na kurudia maneno mara nyingi.

Ilijibu kwamba habari hii mpya inabadilisha ushauri wake. Kama huyu ni mtani, ilisema, huenda alisema hadharani jambo ambalo watu wangelisema kwa siri, na kwa kulifanya kicheko alinisaidia nisilibebe peke yangu. Ilisema yenyewe haiwezi kujua nia yake kwa hakika, na kwamba mimi na wazee wa kwetu tunaujua utani kuliko yenyewe. Nikaiamini, maana nilipokumbuka niliona ni kweli: tangu mazishi hakuna mtu hata mmoja Ilembo aliyenisema kuhusu asali ile. Lilikwisha siku ile, mbele ya watu wote. Mimi ndiye niliyelifukua.

Chini kabisa ikaongeza: "Ukipenda, naweza kukusaidia kuandika ujumbe wa kumwomba radhi."

Nikaandika hapana. Nikachukua fimbo na kitambaa cha suruali nilichokuwa nimekiweka muda mrefu, nikaenda Shanwe kwa miguu.

Alikuwa barazani, anakanyaga pedali. Nilikuwa nimefikiria sana nianzeje. Mtani haombwi radhi, maana ukimwomba radhi unathibitisha kwamba yalikuwa matusi ya kweli. Njia ilikuwa moja tu. Nikasimama mbele ya cherehani nikasema kwa sauti, watu wa barabarani wasikie:

"We Mfipa, bado hujafa?"

Aliinua macho. Niliona kitu kikipita usoni mwake, kona ya mdomo ilicheza, naapa ilicheza. Nikangoja. Pedali ilisimama.

"Bado, mzee," akasema. "Mungu anasaidia. Karibu."

"Mungu wa wapi anasaidia wachawi? Mke wangu kanituma nije nikuulize lini utamfuata, maana amechoka kusubiri mtu wa kucheka naye."

Nilikuwa nimelisema. Nilikuwa nimemtaja mwenyewe, kwa mdomo wangu, nimemfungulia mlango wote. Mteja aliyekuwa amekaa kwenye benchi alishika mdomo. Fundi alitazama kitambaa mikononi mwangu, akakipokea, akakikunjua, akakinusa kwa mazoea.

"Kitambaa kizuri," alisema. "Marehemu alikuwa mtu mwema. Tumwombee. Inua mikono kidogo, mzee, nikupime."

Nikainua mikono. Futi ilipita kiunoni kwangu. Kilikuwa kimepungua sana, mimi mwenyewe nilijua, na nilingoja aseme nyuki wamenisusa. Alisema, "Samahani, geuka." Nikageuka. Alinipima urefu, paja, goti. Akachukua daftari, akaandika kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho. Nilichungulia. Mahali pa jina aliandika jina langu kamili, na la baba yangu.

Suruali aliishona vizuri. Naivaa kanisani.

Ujumbe ule ulinigharimu mtani wangu. Yu hai, yuko Shanwe, na tunasalimiana. Lakini alikuwa mtu pekee aliyeweza kunisema kosa langu nikacheka, na mtu pekee aliyebaki na sauti ya mke wangu kooni mwake. Nilimwomba aninyamazie, na amenyamaza. Siku yangu ikifika atakuja kwenye mazishi yangu, atakaa kwenye kiti, na nitazikwa kwa heshima.